Baraza Zinapobomolewa, Sanaa Itakaa Wapi?

Ndugu Mwenyekiti, walimu wangu, wasanii mliofika, wazee wetu wa Ilala na Kariakoo, na nyinyi vijana wa vyuo ambao naona ndio mmejaza viti jioni hii: asalaam aleikum, Bwana asifiwe, na habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie utamaduni, sanaa ninayoipenda, na tabia ya mji inayotoweka. Mada hiyo ni pana kiasi kwamba mtu anaweza kuzunguka nayo usiku kucha asifike popote, kwa hiyo nimeamua kuchagua kituo mapema. Nitabaki Dar es Salaam, mji ulionilea, na ndani ya Dar es Salaam nitabaki kwenye baraza ya nyumba ya Kiswahili. Ninaamini, na nitajaribu kuwaonyesha, kwamba sehemu kubwa ya kile tunachokiita sanaa ya mji huu ilianzia mahali ambapo mtu aliweza kukaa nje ya mlango wake bila kulipa kiingilio na bila kuulizwa anamsubiri nani. Mahali hapo tunapabomoa kwa kasi kubwa, na hasara yake haiandikwi popote, kwa sababu kinachothaminiwa siku ya kubomoa ni kiwanja na matofali.

Wengi wenu mmekulia ndani ya geti, kwa hiyo niruhusuni niieleze nyumba yenyewe. Ni nyumba ya chini, yenye mlango mkubwa katikati ya ukuta wa mbele. Ukiingia unakutana na ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, kila chumba na mpangaji wake. Mwisho wa ukumbi kuna mlango wa uani, na huko uani kuna jiko, bafu, choo, kamba za nguo, na pengine mwembe mmoja uliopandwa na mtu ambaye jina lake limeshasahauliwa. Mbele ya nyumba, kutoka kona hadi kona, kuna baraza: sakafu ya saruji iliyoinuliwa kidogo juu ya usawa wa mtaa, imeng'aa kwa kukaliwa, na kwenye kingo zake imekatika vipande ambavyo kila mtoto wa nyumba ile anavijua kwa kidole cha mguu.

Baada ya swala ya alasiri baraza hubadilika. Mkeka hutandikwa, bao huletwa, na kete huanza kupigwa kwa sauti ambayo mtu wa ndani huijua hata akiwa amelala. Muuza kahawa hupita na dele lake juu ya makaa, akigonganisha vikombe vidogo mkononi ili ajulikane kabla hajaonekana, na kwenye kapu ana kashata za nazi na za karanga. Mmoja husoma gazeti kwa sauti kwa ajili ya wasioona vizuri. Anayepita njiani hawezi kupita kimya. Lazima asalimie, na akisalimia ataulizwa anatoka wapi, na jibu lake litakuwa habari ya mtaa mzima kabla ya magharibi. Mgeni wa mji angesema kwamba watu wale hawana kazi. Kumbe hapo ndipo lugha inaponolewa. Mafumbo, vijembe, utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, namna ya kumkosoa mtu mzima bila kumvunjia heshima, yote hayo nimeyasikia kwanza nikiwa mtoto niliyetumwa kupeleka maji ya kunywa barazani na nikachelewa kurudi makusudi.

Sasa tazameni kilichotoka katika nyumba za aina hiyo, ndani ya mitaa michache ya Kariakoo, Gerezani na Ilala iliyozunguka Mnazi Mmoja. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba ikafuata mwaka 1936, na hadi leo makao yao hayako mbali na mitaa hiyo. Vyama vya taarabu vya Egyptian na Al-Watan vilikuwa na wanachama wake hapo. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai 1954 katika jengo la mtaa ambao leo unaitwa Lumumba, na mwaka uliofuata, Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama, hakuanza na ofisi wala matangazo. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, wale wa lelemama na wenzao, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji katika kikundi kimojawapo na alijua kwamba wanawake wa mji tayari walikuwa wamejipanga. Kwa miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa na kadi. Vikundi hivyo vilikutana uani kwa watu. Kama baraza ilikuwa ya wanaume zaidi, uani palikuwa pa wanawake: hapo walisukana, walipakana hina, waliandaa sare za khanga kwa ajili ya ngoma ya Jumamosi, na hapo wakajifunza kuchangishana fedha, kuchagua viongozi na kuwaondoa. Nani angedhani kwamba uhuru wa nchi ungepita pia katika mlango wa jikoni? Lakini ulipita.

Mniruhusu niingie katika sanaa ninayoipenda kuliko nyingine zote, maana bila hiyo nisingekubali kusimama hapa. Ni picha za Tingatinga, na hasa zile za mwanzo.

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, akaja Dar es Salaam kutafuta maisha kama walivyokuja wengi wetu au wazazi wetu. Alifanya kazi za nyumbani na vibarua vingine, na ilipofika mwaka 1968 akaanza kuchora. Hakusoma shule ya sanaa. Alichukua ubao mwembamba wa mraba, ule wa kupigia dari, na rangi ya mafuta inayopakwa baiskeli, kwa sababu hivyo ndivyo vilivyopatikana dukani kwa bei aliyoimudu. Picha zake ziliuzwa karibu na Morogoro Stores, Oyster Bay, ambako wageni walikwenda kununua mahitaji yao. Mwaka 1972 alipigwa risasi na polisi kwa makosa, akafa. Miaka minne tu ya kuchora, na kutokana na miaka hiyo minne lilizaliwa jina ambalo leo linajulikana hata Japani na Denmark.

Ukiwahi kupata nafasi ya kusimama mbele ya picha yake mwenyewe, itazame kwa ukaribu. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja, akauacha ukauke. Hakuna mlima kwa mbali, hakuna kivuli, hakuna upeo wa macho. Juu ya rangi hiyo akamweka mnyama mmoja, chui au nyati au ndege, mkubwa hadi anakaribia kugusa kingo zote nne, jicho lake limefunguka kabisa na linakutazama wewe. Kisha madoa, moja moja, kila doa na ukingo wake. Rangi ya baiskeli hukauka ikiwa inang'aa na haichanganyikani kwa urahisi, kwa hiyo mkono ukikosea kosa linabaki pale pale. Mimi huyapenda makosa hayo: mguu wa fisi uliozidi urefu, tawi lililoanza hewani. Yananionyesha mtu aliyekuwa akitafuta njia yake mwenyewe bila mwalimu wa kumsahihisha.

Lakini alikuwa na watu. Hilo ndilo ninalotaka vijana wa sanaa mlishike. Hakuchora peke yake chumbani. Alichorea nje, nyumbani kwake Msasani, na ndugu na jamaa kutoka kwao kusini wakakaa naye, wakamtazama, wakashika brashi. Ajaba Abdallah, January Linda, Simon Mpata na wengine wachache walijifunza kwa kukaa karibu. Alipokufa ghafla sanaa yake haikufa naye, kwa sababu ilikuwa tayari imo mikononi mwa waliokaa kwenye kivuli kimoja. Ushirika waliouanzisha baadaye, ambao tangu mwaka 1990 unajulikana kama Ushirika wa Sanaa wa Tingatinga, bado upo Oyster Bay, na ukienda utawakuta wachoraji wamekaa chini, mabega yakigusana, mmoja akipaka rangi ya chini na mwingine akimalizia madoa. Sitaficha kwamba picha nyingi zinazouzwa leo ni twiga yuleyule na mbuyu uleule, kwa kuwa mtalii ana dakika kumi na mkoba mdogo. Hata hivyo namna ya kujifunza haijabadilika, na hiyo ni tunu kubwa kuliko picha yoyote moja.

Kuna ndugu wa sanaa hiyo ambaye hatumtaji katika vitabu: mchora mabango. Alikuwa kijana wa mtaani mwenye makopo ya rangi, brashi za unene tofauti na rula ndefu ya mbao. Ni yeye aliyechora vichwa vya vijana wenye panki kwenye ukuta wa kinyozi, kuku mzima na sahani ya chipsi kwenye banda la chakula, jino jeupe mlangoni kwa daktari wa meno, na yale maneno ya nyuma ya daladala ambayo abiria wa gari la nyuma aliyasoma kwenye foleni ya Ubungo hadi akayahifadhi. Herufi zake zilikuwa na kivuli upande wa kulia na mkia kwenye herufi ya mwisho, na ukizoea uliweza kusema bango hili kalichora fulani wa Magomeni na lile fulani wa Temeke, kama unavyotambua mwandiko wa mjomba wako kwenye bahasha. Leo mwenye duka huenda kwa wachapaji, anachagua picha ya mtu asiyemjua iliyotoka intaneti, na kabla ya adhuhuri ana turubai la plastiki lililochapwa. Simlaumu, maana ni rahisi na ni haraka. Lakini jua la Dar es Salaam hulifanya turubai lile kuwa jeupe baada ya misimu michache, na mtaa mzima unabaki na nyuso za watu wasiotoka popote. Mkono wa mwenzetu umeondoka ukutani.

Kinachoziondoa baraza ni kitu kinachoeleweka kabisa. Viwanja vya Kariakoo ni vidogo na thamani yake imepanda kupita uwezo wa nyumba ya chini kuibeba. Mwenye nyumba, mara nyingi warithi kadhaa wa marehemu mmoja, hufuatwa na mwenye mtaji, wakaandikiana mkataba wa ubia: wewe kiwanja, mimi ghorofa, tukimaliza tunagawana sakafu. Chini hukatwa fremu za maduka kutoka kona hadi kona, na kila hatua ya saruji iliyokuwa ya kukalia inakuwa ya kupanga bidhaa na kutoza kodi. Juu wanaishi watu wasiojuana. Novemba 16, 2024 tulishuhudia ghorofa moja likianguka hapo hapo Kariakoo na kuua watu zaidi ya 20, na naomba tusiwasahau. Sisemi kwamba ghorofa ni ubaya. Mji uliohesabiwa kuwa na watu 5,383,728 katika sensa ya mwaka 2022 hauwezi kukaa wote chini.

Wala tatizo haliko Kariakoo peke yake. Nendeni Goba, Mbezi, Tegeta, Bunju, kule ambako kila mwenye uwezo kidogo anajenga. Kabla ya kuezeka, ukuta umeshapanda. Kabla ya kupaka rangi, geti la chuma limeshafungwa. Unatembea kwa muda mrefu kati ya kuta mbili usione mtu wa kumwamkia ila mlinzi. Ndani ya kuta hizo kuna bustani nzuri, kuna viti, kuna hata kibanda cha kupumzikia, na hakuna mpita njia atakayekalishwa hapo apewe kahawa. Wizi upo, naujua, na nimeibiwa. Bado najiuliza kama mtaa usio na macho ya wazee waliokaa nje una usalama zaidi kuliko ule uliokuwa nayo.

Najua swali ambalo baadhi yenu mmelibeba, hasa mliopanga katika nyumba hizo: mama, unasifu maisha gani? Familia sita, choo kimoja cha shimo, foleni ya bafu alfajiri, maji ya ndoo, ugomvi wa bili ya umeme, mvua ikinyesha mnaogelea. Ni kweli tupu. Nimelala katika chumba cha namna hiyo na sitamani mjukuu wangu alale humo. Mtu aliyetoka kwenye chumba kimoja akapata nyumba yenye bomba ndani, na achekelee. Ninachokitenganisha ni dhiki na nafasi. Dhiki ile iondoke yote, hata leo. Nafasi ile, ya kukaa nje kwa pamoja bila gharama, haikuwa sehemu ya dhiki, na hakuna sheria ya uhandisi inayosema kwamba bomba likiingia ndani lazima baraza iondoke nje.

Ushahidi wangu mkubwa ni vijana wenyewe. Tazameni singeli. Muziki huu uliofika redioni, kwenye majukwaa ya Ulaya na hata kwenye kampeni za wanasiasa, haukutoka kwenye studio za Masaki. Ulitoka Manzese, Tandale, Mburahati na kwingineko uswahilini, kwenye vigodoro, ambapo familia yenye shughuli hufunga kipande cha mtaa, hukodi spika, na mtaa wote hucheza hadi asubuhi. Kijana mwenye kompyuta ya mitumba aliongeza kasi ya mdundo wa taarabu kwa sababu watu mbele yake walikuwa wanataka kasi, na aliwaona kwa macho yake, akajua papo hapo lipi limekubalika na lipi halikukubalika. Wazee wenzangu wengi wanaona singeli ni kelele. Kwangu mimi ni jibu. Inanihakikishia kwamba uwezo wa mji huu wa kuzaa sanaa mpya haujaisha. Umehamia tu mahali ambapo bado watu wanaweza kukutana nje. Na tukumbuke kwamba mitaa hiyo nayo imo kwenye ramani za wajenzi.

Dansi nalo lilipita njia hiyo. NUTA Jazz, bendi iliyokuja kujulikana kama Msondo, ilianzishwa mwaka 1964, Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ikaja mwaka 1978, na upinzani wa Msondo na Sikinde ukawagawa watu kama Simba na Yanga. Kumbi zao nyingi zilikuwa za wazi, na wimbo mpya ulijulikana mtaani kabla haujarekodiwa Radio Tanzania, kwa sababu mazoezi ya mchana yalisikika hadi nje na watoto waliyashika maneno wakiwa wamekalia ukuta. Wimbo ulikuwa umeshahaririwa na mtaa kabla ya kufika redioni.

Je, sheria inatulinda? Kidogo sana. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho ya mwaka 1979, inayalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mpaka huo unayafaa magofu ya kale ya Kilwa na Kaole kuliko sisi. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kuijenga Dar es Salaam katika miaka hiyohiyo ya 1860, na Boma la Kale pale ufukweni, mojawapo ya majengo yake ya mwanzo, lenyewe ni la baada ya mpaka huo. Kwa hiyo karibu mji wote, uwe wa Kijerumani, wa Kihindi au wa Kiswahili, unahitaji jengo moja moja litangazwe na Waziri ndipo lilindwe. Majengo ya mawe ya Wajerumani yalipata watetezi, na ninashukuru. Nyumba ya vyumba sita haijawahi kupata mtetezi, maana haina mbunifu anayejulikana, haina tarehe ukutani, na zipo nyingi mno kuonekana za thamani.

Nina mambo ambayo ningependa yafanyike, na nitayasema wazi kwa kuwa wapo hapa madiwani na wanafunzi wa usanifu majengo. Halmashauri zetu hutoa vibali vya ujenzi, na katika kibali huamriwa umbali kutoka barabarani, maegesho ya magari na njia ya zimamoto. Liongezwe sharti moja kwa kila ghorofa jipya la Kariakoo, Ilala na Magomeni: sehemu ya mbele, chini, yenye kivuli na kiti cha saruji, isiyopangishwa kwa yeyote. Upana wa hatua chache za mguu unatosha. Mwenye jengo atapoteza fremu moja, na nadhani apunguziwe kodi ya majengo kwa ajili hiyo ili asione amenyang'anywa.

Wanafunzi wa usanifu, kabla nyumba za mitaa ya Sikukuu, Mkunguni na Narung'ombe hazijaisha, chukueni futi na daftari mwende mkazipime. Choreni ukumbi, uani, kimo cha baraza, mahali mwembe ulipo na kivuli chake kinapofika saa kumi jioni. Zungumzeni na wapangaji, siyo na wenye nyumba tu, kwa sababu mpangaji ndiye anayejua nani alikaa wapi. Na nyinyi wenye simu nzuri, pigeni picha mabango ya mkono yaliyobaki, mkiuliza jina la aliyechora; wengi wao wako hai, wanauza vocha au wanaendesha bodaboda, na brashi zao bado wanazo.

Kwa wenye maduka ombi langu ni jepesi zaidi. Mwezi ujao bango lenu likichakaa, muiteni mmoja wao. Atakuja na kopo lake, atakaa mbele ya duka lenu mchana kutwa, na watu watasimama kumtazama akivuta mstari wa kwanza.

Asanteni sana kwa kunisikiliza.